Neno refu la kitabibu: namna ya kulikata, kulisoma na kulitamka bila kusita

Oesophagogastroduodenoscopy. Ukilikuta neno hili kwenye karatasi ya rufaa, macho hushika herufi tatu nne za mwanzo kisha huruka hadi mwisho. Wodini watu hulikwepa kwa kusema OGD, na mgonjwa huambiwa tu kwamba atapitishiwa kamera mdomoni. Mgonjwa kuambiwa hivyo ni sawa kabisa, tena ndivyo inavyofaa. Lakini mwanafunzi wa uuguzi, tabibu, mkalimani au mtunza kumbukumbu za wagonjwa inampasa aliweze neno lenyewe. Ipo siku atasomewa kwenye simu, au ataulizwa kwenye mtihani wa mdomo, au atatakiwa kulitenganisha na neno jingine linalofanana nalo kwa herufi zote isipokuwa mbili.

Msimamo wangu katika mwongozo huu ni mmoja: neno la kitabibu likatwe kwanza kwa maana, ndipo likatwe kwa silabi. Wengi huanza kinyume chake. Hutafuna silabi moja moja kutoka mwanzo, na wakifika ya saba wameshaisahau ya pili. Ukikata kwa maana kwanza, neno la silabi kumi na mbili linabaki vipande vinne, na vipande vinne hata mtoto wa shule anavimudu.

Jua kwanza unasoma lugha gani

Mizizi mingi ya maneno haya ni ya Kigiriki na Kilatini, ila wodini hakuna anayeisoma kwa lugha hizo. Tanzania, Kenya na Uganda maneno haya husomwa kwa Kiingereza chenye tahajia ya Uingereza: anaemia, haemorrhage, oedema, oesophagus. Mkalimani wa Kiswahili aliyeko Ohio au Texas atayakuta bila herufi ya ziada: anemia, hemorrhage, edema, esophagus. Ndiyo sababu kipimo ambacho Dar es Salaam kinaitwa OGD, Marekani kinaandikwa EGD. Ni kipimo kilekile, na matamshi ni karibu yaleyale.

Bukavu, Goma na Bujumbura mambo ni tofauti, kwa kuwa huko tiba imesomwa kwa Kifaransa. Mkia wa -itis unakuwa -ite, herufi h mwanzoni haisikiki, na p ya pneumonie au psychiatre hutamkwa waziwazi ilhali Waingereza huiacha kimya. Mgonjwa aliyetoka Kivu akisema daktari wake wa zamani alimwambia ana «epatit», anasema hépatite, na mkalimani aliyesomea Nairobi anapaswa kuitambua mara moja kuwa ni hepatitis. Kuanzia hapa nitafuata matamshi ya Kiingereza, kwa kuwa ndiyo yanayowasumbua zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki.

Hatua ya kwanza: shika mkia

Usianze mwanzoni. Nenda mwisho wa neno, kwa sababu mkia ndio unaokuambia ni jambo la aina gani linalozungumzwa: ugonjwa, kipimo au upasuaji. Tuchukue figo, ambayo mzizi wake ni nephr-, na tuubadilishe mkia peke yake:

- nephritis: uvimbe au mwako wa figo
- nephrotomy: kuichana figo
- nephrostomy: kuweka tundu la kutolea mkojo moja kwa moja kutoka kwenye figo
- nephrectomy: kuiondoa figo
- nephrology: elimu ya figo

Tazama tatu za katikati. Kati ya nephrotomy na nephrostomy pana herufi moja tu, s. Kati ya hizo na nephrectomy pana tofauti ya mgonjwa kurudi nyumbani na figo mbili au moja. Kwa hiyo mikia hii mitatu, -otomy, -ostomy na -ectomy, ijue kabla ya mingine yote: kupasua, kutengeneza tundu, kuondoa. Iseme kwa sauti mpaka ulimi uache kuichanganya.

Mikia mingine inayojirudia kila siku ni -osis, yaani hali ya ugonjwa, -oma, uvimbe wa donge, si ule mwako wa -itis, -aemia, jambo lililomo kwenye damu, -uria, lililomo kwenye mkojo, -algia, maumivu, -megaly, kukua kupita kiasi, -penia, upungufu, -scopy, kutazama ndani kwa chombo, -graphy, kupiga picha au kurekodi, -gram, ile picha au karatasi inayotoka. Hizi zikikukaa kichwani, hata neno usilolijua kabisa litakuwa limeshakupa nusu ya habari.

Hatua ya pili: tafuta o

Mizizi ya Kigiriki huungwa kwa irabu, na mara nyingi sana irabu hiyo ni o. Neno refu la kitabibu limejengwa kwa pingili kama muwa, na hiyo o ndiyo fundo linaloonyesha pingili moja inaishia wapi. Gastr ni tumbo, enter ni utumbo, -itis ni uvimbe: gastr-o-enter-itis. Kuna kanuni mbili hapa, na zote zina faida. Mkia ukianza na irabu, o huanguka, ndiyo maana tunasema gastritis wala si gastroitis. Lakini kati ya mzizi na mzizi o hubaki, hata kama mzizi wa pili unaanza na irabu. Ndiyo maana gastroenteritis imeiweka o yake mbele ya e.

Sasa kata lile neno letu la mwanzo. Oesophag-o ni umio, njia ya chakula. Gastr-o ni tumbo. Duoden-o ni kipande cha kwanza cha utumbo mwembamba. Jina lake linatokana na namba kumi na mbili kwa Kilatini, maana watabibu wa kale walikadiria urefu wake kuwa sawa na upana wa vidole kumi na viwili. Mwisho, -scopy, kutazama. Umio, tumbo, duodeni, kutazama. Neno limesimulia safari yote ya kamera, kituo kwa kituo, na kwa mpangilio uleule kamera inavyopita.

Jizoeshe kuchora mstari mfupi wa kalamu kila penye mwungano. Usione aibu kuchora kwenye kitabu chako mwenyewe. Kitabu cha tiba kisicho na alama za kalamu hakijasomwa.

Hatua ya tatu: liandike upya kwa herufi za Kiswahili

Hapa msomaji wa Kiswahili ana bahati. Herufi zetu hazigeuki: a ni a popote iendapo, i ni i. Ukiandika matamshi kwa tahajia yetu, huhitaji alama za kamusi. Chini ya kila kipande andika kinavyosikika, ukizingatia mambo haya.

Ph ni f. Ch katika maneno ya Kigiriki ni k: bronchitis ni bron-KAI-tis, cholera huanza na k. C mbele ya e, i au y ni s. Mbele ya a, o au u ni k. Neno moja linaweza kuwa na sauti zote mbili, kama cholecystectomy, kuondoa mfuko wa nyongo: ko-li-sis-TEK-to-mi. G nayo ni j mbele ya e, i au y, na hubaki g kwingineko. Kwa hiyo laryngitis ni la-rin-JAI-tis, lakini laryngology ni la-rin-GO-lo-ji.

Herufi za mwanzo zilizokaa kimya huwatisha watu bure. P ya pneumonia na psychosis haitamkwi. X mwanzoni mwa neno ni z, kwa hiyo xerosis, ukavu wa ngozi au macho, ni zi-RO-sis. Ae na oe mara nyingi ni i: a-NI-mi-a, i-DI-ma. Y ni i katika maneno mengine na ai katika mengine: dyspnoea, kupumua kwa shida, ni disp-NI-a, lakini hyper ni hai-pa. Th haihitaji maelezo kwa mtu anayesema thamani na thelathini.

Jambo linalohitaji mazoezi ya kweli ni konsonanti zinazofunga silabi. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, hivyo ulimi hupenda kupachika irabu mahali isipokuwepo: gasitiro, ekitomi. Dawa yake ni kuifunga konsonanti kwenye silabi iliyotangulia na kusimama hapo kidogo: gas, kisha tro. TEK, kisha to-mi. Kusema kwa lafudhi ya Kiswahili si kosa, wala usimruhusu mtu akucheke kwa hilo. Lakini silabi ya ziada hubadilisha umbo la neno, na anayekusikiliza kwenye simu anaweza kuliandika vingine.

Hatua ya nne: weka mkazo mahali pake

Hii ndiyo hatua ambayo vitabu vingi vya wanafunzi huipita haraka, nami naona ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu akikosea irabu moja ataeleweka. Akikosea mkazo, neno zima humpotea msikilizaji.

Kiswahili karibu daima huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: dak-TA-ri, ho-spi-TA-li, bi-o-lo-JI-a. Tunayapeleka mazoea hayo kwenye maneno ya kitabibu bila kujua, na mara nyingine yanatusaidia. Mikia -itis, -osis na -oma inafuata desturi yetu kwa kawaida: he-pa-TAI-tis, si-RO-sis (cirrhosis), lim-FO-ma. Kwenye maneno haya Mswahili hana cha kujifunza.

Taabu iko kwenye kundi la pili, ambalo husogeza mkazo nyuma hatua moja, hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Humo wamo -logy, -graphy, -scopy, -pathy, -tomy, -stomy, -ectomy, -lysis, -megaly na -aemia. Kwa hiyo ni kar-di-O-lo-ji, si kardioLOji. Ni dai-A-li-sis, nyu-RO-pa-thi (neuropathy), ko-LO-sto-mi, la-pa-RO-to-mi, lu-KI-mi-a (leukaemia). Angalia kwamba mkazo huangukia mara nyingi ile o ya mwungano yenyewe, ambayo ulikwisha kuiwekea mstari katika hatua ya pili. Ukilijua hilo, kazi imepungua nusu.

Andika silabi yenye mkazo kwa herufi kubwa, kama ninavyofanya hapa. Ukisoma kwa sauti, ivute kidogo na uipandishe, na zile nyingine zipite kwa wepesi.

Hatua ya tano: lijenge kutoka nyuma

Sasa unganisha, lakini anza mwisho. Sababu ni kwamba mkazo uko karibu na mkia. Ukianzia mkiani, sehemu ngumu unaikariri mara nyingi kuliko zote, na kila unaporudia neno unamalizia mahali unapopajua vizuri.

pi
sko-pi
NO-sko-pi
di-NO-sko-pi
dyu-o-di-NO-sko-pi
gas-tro-dyu-o-di-NO-sko-pi
i-SO-fa-go-gas-tro-dyu-o-di-NO-sko-pi

Usipande mstari unaofuata kabla huu hujaupita kwa pumzi moja bila kujikwaa. Silabi ya SO ina mkazo mdogo, NO ina mkubwa.

Fanya vivyo hivyo na haya, ambayo ni ya kawaida katika hospitali zetu. Hepatosplenomegaly, ini na bandama kukua pamoja, ni he-pa-to-spli-no-ME-ga-li. Thrombocytopenia, upungufu wa chembe sahani zinazogandisha damu, ni throm-bo-sai-to-PI-ni-a. Glomerulonephritis, uvimbe wa vichujio vya figo, ni glo-me-ru-lo-ne-FRAI-tis. Otorhinolaryngology, elimu ya masikio, pua na koo, ni o-to-rai-no-la-rin-GO-lo-ji. Schistosomiasis ni shis-to-so-MAI-a-sis, ingawa wapo wanaoanza na skis. Ni kichocho chetu, na maana ya jina ni mwili uliopasuka, kwa kuwa mnyoo dume ana mfereji ambamo jike hukaa. Trypanosomiasis, ugonjwa wa malale, ni tri-pa-no-so-MAI-a-sis. Maneno haya mawili ya mwisho yana mkia mmoja, na ukiliweza moja umeliweza la pili.

Watu hupenda kuuliza lile neno la herufi 45, pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Lilibuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno Marekani, kwa makusudi ya kulifanya refu. Lina silabi 19: nyu-mo-no-al-tra-mai-kro-sko-pik-si-li-ko-vol-kei-no-ko-ni-O-sis. Ni zoezi zuri la ulimi. Daktari anayemtibu mchimbaji aliyevuta vumbi la mawe kwa miaka ataandika silicosis, si-li-KO-sis, na hilo ndilo la kulijua.

Maneno pacha

Hyperglycaemia na hypoglycaemia: hai-pa-glai-SI-mi-a na hai-po-glai-SI-mi-a. Moja ni sukari iliyopanda, nyingine ni iliyoshuka, na matibabu yake yanakinzana. Mkazo wa kawaida uko SI, kwa hiyo silabi pekee inayoyatenganisha hupita kwa haraka bila kusikika vizuri. Wakati wa kukabidhi zamu ivunje kanuni kwa makusudi: tamka PA au PO kwa nguvu, kisha ongeza kwa Kiswahili «imepanda» au «imeshuka» na utaje namba iliyosomwa kwenye kipimo. Vivyo hivyo kwa hypertension na hypotension, shinikizo la damu lililopanda na lililoshuka.

Ureter, yu-RI-ta, ni mrija wa kutoka kwenye figo hadi kibofu. Urethra, yu-RI-thra, ni njia ya mkojo kutoka kibofu kwenda nje. Na ileum na ilium hutamkwa sawa kabisa, ingawa la kwanza ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba na la pili ni mfupa wa nyonga. Haya ya mwisho sikio haliwezi kuyatenganisha, kwa hiyo taja kiungo chenyewe.

Majina ya dawa

Majina ya dawa yasiyo ya kibiashara hayatokani na Kigiriki moja kwa moja, lakini nayo yana mikia iliyopangwa. Shirika la Afya Duniani limekuwa likitoa orodha za majina ya kimataifa tangu 1953, na dawa za familia moja hupewa mkia mmoja. Kosa ni kuukata mkia mfupi mno. Metronidazole, fluconazole, omeprazole na albendazole zote zinaishia -azole, na ukikomea hapo utadhani ni ndugu. Ongeza silabi: -nidazole hutibu amiba na baadhi ya bakteria, -conazole fangasi, -prazole hupunguza asidi tumboni, -bendazole ni za minyoo. Mkazo wa zote nne uko silabi ya tatu kutoka mwisho: me-tro-NAI-da-zol, flu-KO-na-zol, o-ME-pra-zol, al-BEN-da-zol.

Ile SP wanayopewa wajawazito kuzuia malaria ni sulfadoxine na pyrimethamine: sal-fa-DOK-sin, pi-ri-ME-tha-min. Hydralazine ya shinikizo la damu, hai-DRA-la-zin, na hydroxyzine ya mwasho, hai-DROK-si-zin, zimeshachanganywa kiasi kwamba mahali pengine kipande cha jina huandikwa kwa herufi kubwa ili jicho lisikosee: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Ukipokea jina la dawa kwa simu, lirudie, litaje herufi kwa herufi, kisha taja ni ya nini.

Yasiyokatika

Maneno mengine hayana pingili. Leishmaniasis limebeba jina la daktari William Leishman, na unachoweza kukata ni mkia tu: lish-ma-NAI-a-sis. Burkitt lymphoma inamkumbuka Denis Burkitt, aliyeieleza akiwa Kampala mwaka 1958. Kwashiorkor ni neno la Kiga kutoka Ghana. Chikungunya ni la Kimakonde, lililoingia katika tiba baada ya mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika. Haya ya Kiafrika yasome kwa silabi zetu, chi-ku-ngu-nya, wala usiyapinde yafanane na Kiingereza. Mwenye kujifunza matamshi hapo si wewe.

Daftari

Tengeneza daftari lenye safu nne: neno lenyewe lililokatwa kwa mistari, matamshi kwa herufi za Kiswahili, maana ya kila kipande, na jina ambalo mgonjwa analijua. Ukiweka maneno machache kila siku na kuyasoma kwa sauti, si kwa macho, mkono na ulimi vitashika njia.

Safu ya nne usiijaze kwa kukisia. Tetanus ni pepopunda, diphtheria ni dondakoo, meningitis ni homa ya uti wa mgongo. Hayo hayana utata. Lakini hepatitis ni homa ya ini, wakati homa ya manjano ni yellow fever, ugonjwa mwingine kabisa unaoenezwa na mbu. Mgonjwa aliyegeuka macho kuwa ya njano mara nyingi atasema ana «manjano», na neno hilo peke yake halijakuambia ni lipi kati ya mawili. Muulize amepimwa nini, na karatasi ya majibu uisome mwenyewe.